Kesi ya Mwewe na Baba Mwenye Nyumba

Iko methali moja ya Kiswahili ambayo mimi naona imetutosha. Inamhusu kuku wa mkata. Inaanza kwa kudai kwamba hatagi, kisha ati akitaga haangui, na akijitahidi mpaka akaangua, basi mwewe atashuka awachukue wanawe. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni mkosi wa maskini. Tunaandika kwenye daftari, tunafanya mtihani, tunapata alama zetu, halafu tunarudi nyumbani kijijini tunawakuta akina mama wamesimama uani wanarusha mawe angani, nasi tunatikisa kichwa: ndiyo hivyo, kuku wa mkata.

Nasema hapana. Methali ile ni ya uongo, na uongo wake una watu unaowafaa. Kila linapotajwa jina la mwewe, kuna mtu mwingine anaondoka kimya kimya mahakamani. Mtu huyo nitamtaja hapa chini, mkinivumilia.

Najua wapo wasomaji wa jarida hili watakaouliza kuku wameingiaje kwenye kurasa za fasihi. Wanataka mapenzi, wanataka jiji, wanataka msichana aliyetoroka kwao akaishia kwenye taa za Dar es Salaam. Sawa. Mimi nami naandika riwaya, iko kwenye kaunta buku nne, na ndani yake yumo mwanamke wa Mlalo. Nilipofika mahali pa kueleza fedha zake zinatoka wapi, sikuweza kumpa duka wala mshahara. Nilimpa kuku, maana ndivyo ilivyo. Huku Usambara kabichi ni za baba, viazi ni vya baba, hata kama mama ndiye aliyepalilia. Lori likishapakia kwenda mjini, hela inafika mkononi mwa baba. Kuku ndiyo benki ya mama. Viatu vya shule, michango ya kila namna, mafuta ya taa, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku: vyote hivyo vina manyoya. Mimi kidato cha nne nimekimaliza juu ya mgongo wa majogoo. Anayezungumzia vifaranga waliopotea anazungumzia madaftari, jamani, asichekwe.

Basi tuanze na mshitakiwa mwenyewe. Mwewe anakula vifaranga, hilo sibishi. Huja mchana kweupe, anazunguka juu ya migomba, mama kuku anatoa ule mlio wake wa hatari, wana wanakimbilia chini ya mbawa au kwenye majani, na yule mmoja aliyechelewa kwa sababu alikuwa anagombania kumbikumbi ndiye anayekwenda. Mmoja. Mwewe hana gunia. Lakini sikiliza watu wanavyohesabu. Asubuhi walikuwa kumi na wawili, jioni wako watano, basi "mwewe kamaliza". Huyo mmoja tumempa mwewe. Wale sita wengine je?

Muulize panya, ambaye huvuta kifaranga shimoni usiku wala humsikii. Muulize nguchiro anayepita kwenye kichaka nyuma ya choo, mayai ni kazi yake na vifaranga pia. Muulize kunguru. Muulize paka wa jirani, ambaye hakuna anayethubutu kumshitaki kwa sababu jirani ni shemeji. Waulize siafu, ambao kwetu huku kwenye mvua na ukungu hupanga mstari usiku wakamkuta kuku ameatamia, naye kwa kuwa hakubali kuacha mayai yake wanammaliza papo hapo alipokaa. Halafu wapo wa usiku wenyewe, kanu na kicheche. Mwenye macho husoma alama. Kifaranga aliyetoweka mchana bila kuacha hata unyoya, hiyo ni kazi ya ndege. Kuku watatu wameuawa usiku mmoja, vichwa vimeliwa na miili imeachwa pale pale, huyo ni mnyama aliyepita kwenye tundu ambalo wewe uliliona ukasema utaliziba kesho. Ukuta wa udongo umefumuliwa au pamechimbwa chini, mfikirie nyegere, na huyo ana nguvu hata mbwa humkimbia. Kila mmoja ana saa yake na mlango wake. Sisi tumewapa wote jina moja, mwewe, kwa sababu mwewe anaonekana na yuko mbali, huwezi kumpelekea lawama akakujibu.

Isitoshe, tunamsingizia hata ndege asiyehusika. Yuko tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, anapenda kukaa juu ya mkaratusi au nguzo ya umeme pembeni ya shamba, amenyamaza kama mwenyekiti wa kikao. Vijana wakimwona wanachukua manati. Huyo chakula chake kikubwa ni panya! Anakaa pale anakulindia mahindi, wewe unamtwanga jiwe.

Na kuna muuaji ambaye hata miguu hana. Mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, ukiingia kijijini unaweza kufagia kuku tisa katika kila kumi. Wanazubaa, wanahema kwa shida, wanaharisha kijani, shingo inapinda, kesho uwanja ni kimya. Chanjo yake ipo. Inaitwa I-2, inatengenezwa hapa hapa Tanzania, ni tone moja kwenye jicho la kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Haihitaji sindano wala daktari mwenye koti jeupe, kijana yeyote aliyefundishwa nusu saa anaweza. Lakini kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, inabidi majirani wakubaliane siku, na kukubaliana siku ndiko kunakotushinda. Tunasubiri wafe, kisha tunaulizana nani ana kijicho. Nimeligusa hili kwa sababu watu hutumia mdondo kuvunja moyo: "Nijenge banda la nini, wakati ugonjwa utawamaliza tu?" Ni sawa na kusema usifunge mlango kwa sababu kuna malaria.

Sasa nimtaje yule niliyesema anaondoka kimya kimya. Ni baba mwenye nyumba.

Tazama ng'ombe. Zamani ng'ombe wa milimani walizurura, wakala vilima mpaka vikabaki uchi na udongo ukashuka na mvua. Mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP kwa msaada wa Wajerumani, ukahubiri: fungieni ng'ombe bandani, pandeni majani ya guatemala kwenye kontua, leteni majani kwa ng'ombe badala ya ng'ombe kwa majani. Wazee walinung'unika, walikuwa bado na kumbukumbu ya Mwingereza aliyewalazimisha kulima matuta katika miaka ya 1950. Lakini taratibu wengi walijenga. Leo pita Lushoto, pita Soni, panda mpaka Lukozi, utaona ng'ombe ana paa, ana hori, ana sakafu, wengine wana sakafu ya saruji kuliko watoto wa nyumba hiyo. Vizuri sana, sina ugomvi na ng'ombe. Nauliza tu: kuku alilala wapi miaka yote hiyo?

Alilala jikoni, kwenye mafiga. Alilala mvunguni mwa kitanda cha watoto. Alilala juu ya mti wa mparachichi, akanyeshewa, akapigwa na baridi ya Julai, na kanu akapanda mti ule ule. Hapakuwa na mradi wa kuku, kwa hiyo hapakuwa na banda. Na mradi ulikosekana kwa sababu mwenye kuku ni mama, na mama haketi kwenye kikao cha kupokea wageni wa mradi. Yeye siku hiyo anapika chakula cha wageni. Mnajua ni kitoweo gani.

Mtu asiniambie hakuna mbao. Lushoto kukosa mbao? Pale Shume kuna shamba la miti la serikali, misindano na mivinje imejipanga mpaka macho yanachoka. Kila penye msumeno kuna lundo la mabanzi, yale magome ya pembeni yasiyofaa fenicha, ambayo watu wanayachoma tanuri za matofali au kuyaacha yaoze. Kigari kimoja cha mabanzi, kilo chache za misumari, kipande cha wavu, bawaba mbili, oili chafu ya kupaka mchwa wasile. Fundi? Fundi ni wewe mwenyewe Jumamosi moja na nusu. Wanaume wa huku wanajenga vibanda vya kuvutia sigara wakati wa kulinda viazi, na vinasimama miaka.

Nililisema hili kijiweni kwenye kahawa. Mzee mmoja, mtu mzima ninayemheshimu na shikamoo yangu nilikuwa nimeshampa, akanijibu kwa utulivu: "Mwanangu, mke wangu hajawahi kuniomba banda la kuku." Nikamwuliza, "Na ng'ombe, baba, yeye alikuomba?" Kijiwe kilicheka, naye alicheka. Lakini kahawa iliisha na mabanzi hayakuletwa.

Basi tufanye hesabu ya darasani, kwa mfano tu. Kuku mmoja anaatamia siku 21 na kuangua vifaranga 12. Tuseme anaangua mara tatu kwa mwaka, jumla 36. Wataalamu wa kuku wa vijijini wamesema tena na tena kwamba nusu ya vifaranga wanaoachwa huria, na mara nyingi zaidi ya nusu, hawafikishi wiki nane. Tuseme kwa uzembe wa kawaida wanapona 12, na kwa banda na uangalizi wanapona 24. Tofauti ni kuku 12 kwa mama mmoja wa kuku. Sasa mke wako ana kuku wanne wanaotaga. Zidisha mwenyewe, kisha kaulize bei ya jogoo siku ya gulio, kisha njoo uniambie mwewe ndiye aliyemzuia binti yako kwenda chuo.

Lakini wapo wanaochukia kusumbuka na mabanzi, na hao ndio wanaonitia hasira hasa, maana wamepata njia ya mkato: sumu. Huku tunalima mboga, na mkulima wa mboga ana kabati la dawa nyumbani kama duka. Mtu anachukua kipande cha utumbo, anapaka dawa ya wadudu wa kabichi, anatega nyuma ya nyumba. Asubuhi kanu amekufa, anapigiwa makofi. Mchana mbwa wake mwenyewe amekufa. Jioni kuku waliodonoa matapishi ya mbwa wamekufa. Na kuna watoto wanaotambaa katika uwanja huo huo.

Hii si hadithi ya kututisha. Kenya waliona. Wafugaji waliokasirishwa na simba walipaka Furadan kwenye mizoga, wakafa simba, wakafa fisi, wakafa tumbusi kwa makundi. Kelele zilipovuka bahari mwaka 2009, kampuni ya FMC ya Marekani iliyokuwa ikiitengeneza iliamua kuiondoa madukani Kenya, Uganda na Tanzania. Dawa moja iliondolewa. Tabia haikuondolewa, ilihamia kwenye chupa nyingine.

Nasi watu wa Lushoto tunapaswa kuwa wa mwisho duniani kuua wala panya. Tumesahau mara hii? Kuanzia mwaka 1980 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya hii iliandamwa na tauni. Maelfu waliugua, mamia walizikwa, vijiji vya upande wa Shume vilijulikana mpaka Ulaya kwa ugonjwa ambao wenzetu wanausoma kwenye vitabu vya historia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja kutega panya na kuhesabu viroboto, kwa sababu kiroboto akimwacha panya aliyekufa hutafuta mtu. Sitasema tauni ililetwa na kuua bundi, hilo sina ushahidi nalo wala sitalidai. Nasema tu kwamba watu waliozika ndugu zao kwa ajili ya panya, kisha wakamtegea sumu kanu, wakamvunja bawa tai wa kishungi, na wakamchoma bundi moto kwa kuwa ati katumwa, wana jambo la kueleza. Na bundi wetu si bundi tu. Milima hii ina bundi mkubwa anayeitwa kwa Kilatini Bubo vosseleri, kwa jina la Julius Vosseler, Mjerumani aliyefanya kazi pale Amani enzi za ukoloni. Wageni wanapanda ndege kutoka nchi za mbali waje kumsikia akilia usiku. Sisi tukimsikia tunatafuta jiwe.

Sasa nijibu pingamizi moja, maana nimelisikia mara nyingi na lina akili ndani yake. Watu husema: kuku wa kienyeji utamu wake ni kuzurura. Ukimfungia, utamlisha nini? Si atakuwa yule wa kisasa, nyama kama pamba? Ni kweli. Hakuna mama wa huku atakayeweza kununua chakula cha kuku kila wiki, na anayemshauri hivyo hajui bei. Mimi sisemi wafungwe. Nasema walindwe saa mbili tu za maisha yao: usiku, na utoto.

Utoto ni wiki sita mpaka nane za kwanza. Tenga lipo kila nyumba, lile lile la kubebea nyanya. Likichakaa, ligeuze, funika vifaranga uani, weka jiwe juu, weka maji kwenye kifuniko na pumba na mchwa kidogo. Mama kuku mfunge kamba mguuni pembeni au muweke ndani nao. Mwewe atazunguka mpaka achoke. Baada ya hapo waachie, lakini uwanja usiwe mweupe kama kiwanja cha mpira. Migomba, magugu ya matete, kichaka cha tithonia, mahali pa kukimbilia ndani ya hatua tano. Wengine wanapaka vifaranga rangi nyekundu au zambarau ili mwewe aogope. Nimewaona, wanapendeza kweli, na kwa siku chache huenda mwewe akashangaa. Rangi si paa.

Usiku ni banda. Liinue juu ya nguzo, urefu wa kiuno, kila nguzo ivishwe bati laini lililokunjwa ili panya na kanu wateleze. Mimina majivu chini ya nguzo msimu wa siafu. Wavu uwe wa matundu madogo, kwa sababu kicheche hahitaji mlango, anahitaji tundu analoweza kupenyeza kichwa. Sakafu ya mabanzi iwe na mianya ya kidole ili kinyesi kianguke chini, na hapo ndipo namkamata baba: kinyesi kile ni mbolea, na kabichi ni zako. Mlango ufungwe kabla giza halijaingia, saa kumi na mbili kasoro, si saa tatu baada ya taarifa ya habari. Kazi ya kufunga mlango mpe mtoto, lakini kazi ya kujenga usimpe mtoto.

Wazee wa kijiweni wanapenda kutuhadithia habari za Mbegha. Na mimi naipenda, Abdallah bin Hemedi aliiandika katika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili ambacho bado kinanifundisha. Lakini hebu tuisikilize vizuri tunapoihadithia. Mbegha hakuja Usambaa na jeshi. Alikuja na mbwa na mikuki, mwindaji kutoka Ngulu, akawakuta watu ambao nguruwe wanamaliza mashamba yao. Akaua nguruwe, akagawa nyama, akamwua na simba, ndipo Wasambaa wakampa wake na wakampa nchi. Kwa mapokeo yetu wenyewe, enzi ya Vugha ilianzia kwa mtu aliyelinda chakula cha watu na wanyama wa porini. Wajukuu wake tunakaa kwenye kahawa, tunajisifu kwa damu yake, na nyuma ya nyumba nguchiro anatoka na kifaranga mdomoni.

Sasa nina ombi moja kwa wenyeviti wa vitongoji, nalo halihitaji mfadhili. Mikutano yetu ina ajenda: maji, barabara, michango ya shule, ulinzi, na mwisho kabisa mengineyo. Akina mama wakinyanyua mkono kuhusu kuku wanaambiwa wasubiri mengineyo, na mengineyo yanafika jua likiwa limezama na watu wameshasimama wanakung'uta makalio. Kikao kijacho kuku waandikwe namba mbili, baada ya maji. Siku ya chanjo itajwe na tarehe yake. Na kila mwanaume mwenye banda la ng'ombe lisilokuwa na banda la kuku pembeni yake asomwe jina, kama tunavyowasoma wasiotoa mchango wa zahanati.